Amri Iliyokuwa Mfukoni

Kila shule ina kanuni zake. Kengele hulia saa fulani; achelewaye hupata adhabu yake; kalamu na vitabu vina mahali pake pa kuwekwa. Sasa mwanafunzi na afikiri jambo hili. Mwalimu mkuu ameandika kanuni mpya katika karatasi, akaikunja, akaitia katika mtoto wa meza, akafunga kwa ufunguo. Kesho yake mvulana mmoja anaitwa mbele ya wenzake, anaambiwa, "Umevunja kanuni." Mvulana anauliza, "Kanuni ipi, bwana?" Anajibiwa, "Imo mezani." Hata mtoto mdogo wa darasa la kwanza ataona ya kuwa hiyo si haki.

Hata hivyo jambo la namna hiyo lilitokea kweli, wala si shuleni. Lilitokea katika nchi ya Marekani, nayo ni mojawapo ya nchi kubwa zenye nguvu duniani, na waliohusika walikuwa watu wazima, wenye elimu nyingi, mawakili na majaji, hata Rais mwenyewe.

Kabla ya kueleza habari hiyo, yafaa kujua jinsi nchi ile inavyotawaliwa. Marekani ni shirikisho, yaani majimbo mengi yaliyoungana kuwa nchi moja. Leo majimbo hayo ni 50. Katika mwaka wa 1933 yalikuwa 48. Kila jimbo lina gavana wake, baraza lake na sheria zake. Juu ya majimbo yote iko Serikali ya Shirikisho, ambayo makao yake ni mji wa Washington. Serikali hiyo hairuhusiwi kuingilia kila jambo la majimbo. Kazi zake zimeandikwa katika Katiba: vita na amani, fedha, posta, biashara ivukayo mpaka wa jimbo moja kuingia jingine, na mengine kama hayo.

Sheria za Shirikisho hutungwa na baraza kubwa liitwalo Kongresi. Lakini Kongresi haiwezi kutaja kila jambo dogo. Sheria yaweza kusema kwamba dawa ziuzwazo madukani ziwe salama. Nani atazipima? Atazipima kwa njia gani? Chupa iandikwe maneno gani? Mambo hayo huachiwa idara za serikali, nazo huandika kanuni. Sheria ni kama nguzo na boriti za nyumba. Kanuni ni fito na makuti. Mgeni apitaye njiani hutazama ukubwa wa nyumba, lakini mwenye kulala ndani, mvua inyeshapo, huyajua zaidi makuti. Ndivyo ilivyo kwa mtu wa kawaida. Huenda asiione sheria yenyewe maisha yake yote, lakini kanuni hukutana nazo akienda posta, akiuza mazao yake, akinunua nyama, au akipanda gari la moshi.

Basi, katika mwezi wa Oktoba 1930 mafuta mengi sana yaligunduliwa chini ya ardhi katika upande wa mashariki wa jimbo la Texas. Watu walikimbilia huko kama siafu. Kila mwenye kipande cha ardhi alitaka kuchimba kisima, na kila mwenye kisima alitaka kuvuta mafuta usiku na mchana kabla jirani yake hajayamaliza, kwa kuwa mafuta ya chini hayajui mpaka wa shamba. Wakati ule dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya biashara iliyoanza mwaka wa 1929, na wanunuzi walikuwa wachache. Mafuta yakazidi mno, bei ikaanguka. Katika mwaka wa 1931 pipa zima la mafuta liliweza kuuzwa kwa senti 10 tu.

Serikali ya Texas ilikuwa na Tume ya Reli, ambayo, ingawa jina lake ni la reli, ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia mafuta. Tume ikaweka kipimo: kila kisima kitoe kiasi fulani kwa siku, kisizidishe. Wengine walitii. Wengine walivuta zaidi kwa siri wakayapeleka mafuta hayo nje ya jimbo. Mafuta hayo yaliyozidi kipimo yaliitwa "mafuta ya moto," si kwa sababu yalichemka, bali kwa sababu aliyekuwa nayo aliyashika kama mtu ashikaye kaa, akitaka kuyatupa upesi kwa mwingine.

Yalipovuka mpaka wa Texas, mafuta yale yakawa jambo la Shirikisho. Kongresi ilitunga sheria katika mwezi wa Juni 1933, ikampa Rais Franklin D. Roosevelt uwezo wa kukataza mafuta ya moto yasipelekwe kutoka jimbo hata jimbo. Mwezi wa Julai Rais akatoa amri ya kukataza. Mwezi wa Agosti ukakubaliwa mfuatano mrefu wa kanuni za biashara ya mafuta, na ndani yake kilikuwamo kifungu kimoja kilichosema kwamba kuzidisha kipimo ni kosa. Maofisa wakatumwa Texas kukagua visima na matangi. Watu wengine walishtakiwa, na mmoja wao alikaa kifungoni siku kadhaa kabla ya kutolewa kwa dhamana.

Lakini tarehe 13 Septemba 1933 kanuni zile zilikuwa zimekwisha kusahihishwa. Kifungu kimoja kiliandikwa upya, na katika kuandika upya, maneno fulani yakaachwa. Maneno yaliyoachwa yalikuwa ndiyo yale yaliyosema ya kuwa kuzidisha kipimo ni kosa! Hayakufutwa kwa kusudi. Yalisahauliwa tu, kama mwanafunzi anakilipo insha na kuruka mstari. Rais akatia sahihi, karatasi ikawekwa mahali pake ofisini, na kazi ikaendelea.

Kwa mwaka mzima na zaidi watu waliendelea kushtakiwa, na mawakili kubishana, na majaji kuamua, juu ya maneno ambayo hayakuwapo. Maofisa hawakujua. Washtakiwa hawakujua. Mahakama za chini hazikujua. Kosa lile likaonekana katika mwaka wa 1934, wakati mawakili wa Serikali walipokuwa wakijitayarisha kuleta mambo hayo mbele ya Mahakama ya Juu, mahakama ambayo rufani haipiti tena baada yake. Mwezi wa Septemba mwaka ule maneno yale yakarudishwa kwa amri mpya. Ni lazima kusema kwa sifa ya mawakili hao kwamba walipoona kosa hawakulificha, bali waliliungama mbele ya majaji wenyewe.

Daawa ilisikizwa katika mwezi wa Desemba 1934. Jaji mmoja, Louis Brandeis, mzee aliyependa sana kuuliza mambo ya hakika, akataka kujua: amri hizi mtu hupata wapi kuzisoma? Zimepigwa chapa? Zinauzwa? Wakili wa Serikali alipata taabu kujibu, maana nyingine zilipigwa chapa na nyingine hazikupigwa, na hapakuwa na mahali pamoja palipowekwa zote. Tena wakili wa upande wa pili, aliyetoka Texas, akasema kwamba yeye nakala ya kanuni zile aliiona mahali pamoja tu, katika mfuko wa nyuma wa suruali ya ofisa aliyetumwa kutoka Washington.

Hapo ndipo watu wengi walipofahamu ubaya wa jambo lile. Mwenye kisima huko Texas angewezaje kuitii amri iliyokaa katika mfuko wa mtu mwingine? Na kumbe hata mwenye mfuko hakujua ya kuwa karatasi yake imekwisha kupitwa na wakati.

Hukumu ilitolewa tarehe 7 Januari 1935. Majaji wanane kati ya tisa waliamua kwamba sheria yenyewe juu ya mafuta ya moto haikufaa, kwa kuwa Kongresi ilimwachia Rais uwezo mkubwa bila kumpa mwongozo. Hilo ni jambo zito la Katiba, nalo lina somo lake mahali pengine. Lakini juu ya kifungu kilichopotea, Jaji Mkuu Charles Evans Hughes aliandika waziwazo kwamba washtakiwa, washitaki na mahakama wote pamoja hawakujua mabadiliko yale, nao walikuwa wakishindana juu ya kitu kisichokuwapo.

Wakati uo huo mwalimu mmoja wa sheria katika chuo cha Harvard, Erwin Griswold, alikuwa ameandika makala akilalamika kwamba amri za Serikali zimekuwa maelfu ya kurasa, na hata Serikali yenyewe haizijui. Kongresi ikasikia. Tarehe 26 Julai 1935 ikatungwa sheria ya kuanzisha gazeti la Serikali ya Shirikisho, ambalo jina lake ni Federal Register. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 14 Machi 1936, nalo lilikuwa na kurasa 16 tu. Si gazeti la habari za michezo wala la hadithi. Hutoka kila siku ya kazi, na ndani yake hupigwa chapa amri za Rais na kanuni za idara zote. Kanuni ambayo haikuletwa huko haiwezi kumfunga mtu asiyeijua.

Kwa kweli Marekani ilichelewa katika jambo hili. Serikali nyingi zilikuwa na magazeti ya namna hiyo zamani. Hata katika nchi ambayo leo huitwa Kenya, gazeti la Serikali lilianza kutolewa mwaka wa 1899.

Miaka kumi baadaye, katika mwaka wa 1946, ikaongezwa sheria nyingine iliyo bora zaidi. Tangu hapo idara ikitaka kuweka kanuni mpya, kwa kawaida hutangaza kwanza katika gazeti lile jambo inalokusudia. Mtu ye yote, tajiri au maskini, mwenye kampuni au mwenye ng'ombe wawili, aweza kuandika barua na kusema, "Kanuni hii itanidhuru kwa sababu hii na hii." Idara haina budi kuyafikiri maneno ya watu kabla ya kuamua. Ikiisha kuamua huipiga chapa kanuni yenyewe, na mara nyingi hupita siku 30 au zaidi kabla haijaanza kutumika, ili watu wapate nafasi ya kujiweka tayari.

Je, matata yalikwisha? La. Kutangaza ni jambo moja, na kusikiwa ni jambo la pili.

Katika jimbo la Idaho, mwaka wa 1945, walikuwako wakulima waliotaka kuweka bima kwa ngano yao. Bima ni mapatano: mkulima hulipa fedha kidogo kila mwaka, na mazao yakiharibika kwa ukame au mvua ya mawe hulipwa sehemu ya hasara yake. Bima hiyo ilikuwa ya shirika la Serikali ya Shirikisho. Wakulima hao walikuwa na eka 460 za ngano. Katika hizo, eka 400 zilikuwa za ngano iliyopandwa upya, baada ya majira ya baridi, katika mashamba ambayo kwanza yalikuwa yamepandwa ngano ya baridi. Hawakuficha neno. Waliieleza kamati ya wilaya iliyowakilisha shirika lile, nayo ikawajibu kwamba ngano yote yaweza kuwekewa bima. Wakaandikiwa, wakakubaliwa mwezi wa Mei.

Mwezi wa Julai ukame ukaunguza sehemu kubwa ya ngano ile. Wakulima wakaenda kudai haki yao. Shirika lilipojua kwamba ngano ilikuwa imepandwa upya, likakataa kulipa. Kwa nini? Kwa sababu iko kanuni inayosema ngano ya namna ile haina bima, na kanuni hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa chapa katika Federal Register.

Mahakama za Idaho ziliwapa wakulima haki. Shirika likakata rufani, na mwezi wa Novemba 1947 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba wakulima hawatalipwa. Jaji Felix Frankfurter, aliyeandika kwa ajili ya wale watano, alieleza ya kuwa mtu afanyaye mapatano na Serikali hana budi kujua mipaka ya mamlaka ya wakala wake, na kanuni ikiisha kupigwa chapa katika gazeti ni kana kwamba kila mtu ameisoma, hata kama hakuisoma. Maneno haya ni magumu, lakini yana sababu. Fedha ya Serikali ni fedha ya watu wote. Kama kila wakala wa wilaya angeweza kubadili kanuni kwa kinywa chake tu, zingekuwako kanuni nyingi kama mawakala walivyo wengi.

Jaji Robert Jackson hakukubali. Alisema ni upuuzi kudhani kwamba kila mkulima ajua yaliyomo katika gazeti lile, au hata ajua kwamba liko. Mkulima akikaa kulisoma gazeti hilo refu lenye kuchosha kila litokapo, alisema, hatakuwa na haja ya bima ya mazao kabisa, maana hatapata wakati wa kupanda kitu cho chote.

Msomaji na apime mwenyewe nani alisema vema zaidi. Lakini tazama tofauti ya mambo haya mawili. Huko Texas amri haikuonekana. Huko Idaho ilikuwa wazi mbele ya dunia nzima, na wenye haja nayo hawakuipata, wala hata kamati iliyowashauri haikuikumbuka. Kama fomu waliyotia sahihi ingalikuwa na mstari mmoja juu yake, "Ngano iliyopandwa mara ya pili katika shamba la ngano ya baridi haina bima," maneno hayo 13 yangaliwaonya mapema.

Kwa nini basi kanuni haziandikwi hivyo? Sababu moja ni woga. Mwandishi wa serikali huogopa kuacha jambo, kwa hiyo huongeza neno juu ya neno mpaka maana imefunikwa kama mbegu iliyofukiwa mno. Sababu ya pili ni majivuno, maana wako watu wadhanio kwamba neno refu lina heshima kuliko neno fupi.

Katika mwaka wa 1942, wakati wa vita, ofisi moja huko Washington iliandika agizo juu ya taa. Ilisema, kwa kifupi chake, kwamba matayarisho yafanywe yatakayoficha kabisa majengo yote ya Shirikisho, na yasiyo ya Shirikisho yanayokaliwa na Serikali ya Shirikisho, wakati wa shambulio la ndege kwa muda wo wote, yasipate kuonekana kwa ajili ya mwangaza wa ndani au wa nje. Rais Roosevelt alipolisoma akasema: Waambieni kwamba katika nyumba ambazo kazi haina budi kuendelea, watie kitu madirishani. Maneno yake hata mfagiaji wa ofisi aliyaelewa, akajua la kufanya.

Miaka miwili baadaye Maury Maverick, mtu wa Texas aliyekuwa mkuu wa shirika moja la Serikali, aliwakataza wasaidizi wake kuandika kwa maneno ya kutatanisha. Akayapa maneno hayo jina alilolibuni mwenyewe, gobbledygook, akifikiri mlio wa bata mzinga wa kwao, ajitunishaye na kupiga kelele nyingi. Jina hilo limo katika kamusi za Kiingereza mpaka leo.

Hata hivyo kazi ilikwenda polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1970 idara isimamiayo mawasiliano iliandika upya kanuni za redio ndogo zilizotumiwa na madereva wa malori. Badala ya vifungu vya kisheria, kanuni zilipangwa kwa maswali na majibu, kana kwamba dereva mwenyewe ndiye aulizaye: Nifanye nini? Nisifanye nini? Tarehe 13 Oktoba 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria iliyoagiza idara zote za Shirikisho ziandike barua zao, fomu zao na matangazo yao kwa lugha nyepesi. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba sheria hiyo ya kuandika wazi haikuzihusu kanuni zenyewe, ilizipita kando. Rais akatoa amri nyingine mwaka wa 2011 kuhimiza kwamba kanuni nazo ziandikwe kwa maneno yanayoeleweka.

Mtu apewaye kanuni mpya kuisoma, iwe ya Shirikisho kubwa au ya soko la kijijini, aanze kwa kutafuta ndani yake mambo manne. Ni nani anayeagizwa? Aagizwa kufanya nini, au kuacha nini? Tangu lini? Na asipotii itakuwaje? Akiyakosa mambo hayo baada ya kusoma mara mbili, asijidharau. Huenda kosa ni la mwandishi. Na aende kuuliza, apate jibu kwa maandishi, si kwa kinywa tu. Maana wakulima wa Idaho jibu la kinywa walilipata, na ni zuri sana.

Katika mwezi wa Julai 2023 ikatungwa sheria nyingine fupi. Tangu hapo kila idara ya Shirikisho inapotangaza kanuni inayokusudia kuiweka, haina budi kutoa pamoja nayo muhtasari wa lugha nyepesi, usiozidi maneno 100, uwekwe mahali ambapo kila mtu aweza kuusoma bila malipo.

Maswali. Kwa nini mtu wa kawaida huzijua kanuni zaidi kuliko sheria? Eleza kosa lililotokea tarehe 13 Septemba 1933. Kama ungalikuwa jaji katika daawa ya wakulima wa Idaho, ungaliamua namna gani, na kwa sababu gani? Chagua kanuni moja ya shule yako, uiandike upya kwa maneno yasiyozidi 13, kisha mpe mtoto wa darasa la chini aisome akueleze maana yake.